Tuliomba Matuta

Kabla haijapanuliwa, barabara ile ilikuwa kama ua wa nyumba moja. Mtu akiishiwa chumvi alitoka na kijiko mkononi, akavuka, akapiga soga kidogo, akarudi. Kisha wakaja watu wa serikali na mitambo yao. Walibomoa vibaraza, wakakata miti, wakamwaga lami iliyong'aa kama kiatu kipya, na siku ya uzinduzi mtaa mzima ulitoka kucheza. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Hakuna aliyewaza kwamba malori ya mchanga na saruji, yaliyokuwa yakipita kule nyuma ya kiwanda, sasa yangehamia hapa, na kwamba yangepita kwa kasi ya kumtoa mtu roho.

Msusi ndiye aliyekuwa karibu zaidi na lami hiyo. Saluni yake ilikuwa kibanda cha mabati upande wa chini wa barabara, chenye kioo kilichopasuka pembeni, benchi la wateja, na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa waya. Mlango ulitazama barabara, kwa hiyo vidole vikisuka, macho yalikuwa na kazi yao. Ng'ambo, moja kwa moja mbele ya mlango huo, ndiko alikokaa mama yake mzazi, katika chumba kimoja chenye ukumbi mdogo. Kila mchana Msusi alivuka na bakuli la chakula lililofunikwa kwa sahani, na kila mchana mama yake alimpokea kwa lawama.

"Umechelewa. Nilishaanza kuchagua nguo ya kuzikiwa."

"Mama, jua bado halijafika katikati."

"Tumbo langu halina saa, mwanangu."

Hayo yalikuwa mazungumzo yao, na ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao.

Ukuta kwa ukuta na saluni alikuwa na kibanda chake Mama Pacha, fundi cherehani. Mabati yaliyowatenga yalikuwa mepesi kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake alimwombea afya. Mama Pacha alikuwa na mabinti wawili wenye sura moja, sauti moja, na ukaidi mmoja, hata mwalimu wao alikuwa akiwatofautisha kwa viraka vya sweta. Shule ilikuwa ng'ambo. Mchana mmoja walikuwa wanarudi, mmoja ametangulia, wa pili kiatu kikamvuka mguuni katikati ya barabara. Akarudi kukiokota.

Msusi alisikia breki zikilia. Kisha akasikia ukimya, na ni ule ukimya uliomfanya aangushe kitana. Alipotoka nje, alimkuta Mama Pacha ameshafika pale, amepiga magoti kwenye lami ya moto na sentimita yake ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. Hakuwa analia. Alikuwa anamvisha mtoto kiatu.

Polisi walikuja, wakapima, wakaandika, wakasema mtoto alikuwa barabarani. Dereva alichukuliwa, na haikuchukua muda akaonekana tena yuko kwenye usukani. Wengi walimjua. Alikuwa akifanya kazi kampuni moja na mume wa Msusi, ambaye naye alikuwa dereva wa lori la mchanga, na ambaye mtaa mzima ulimwita Gia.

Jioni ya siku ya mazishi, Msusi alimwekea mumewe maji ya kuoga, na wakati anafungua vifungo vya shati akamwuliza, "Yule mwenzako alikuwa anaendesha kama mwendawazimu, au siyo?"

"Alikuwa anaendesha kama sisi sote," Gia akajibu. "Ukichelewa kushusha mzigo leo, kesho unamkuta mwingine amekalia kiti chako. Na lori lenye mchanga halisimami kama baiskeli, mke wangu. Unakanyaga breki, lenyewe linaendelea na safari yake."

"Kwa hiyo kosa ni la mtoto."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Gia akachukua ndoo, akaenda kuoga.

Msiba ulipoisha na mikeka kukunjwa, watu walikutana saluni, maana pale palikuwa na benchi. Alikuja Mwalimu Mstaafu, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikuja mwenye duka, alikuja kinyozi, na wanawake wa kutosha kujaza mlango. Kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alitaka dereva afungwe, yule alitaka kampuni ilipe, mwingine alitaka malori yachomwe moto. Mama Pacha aliwaacha waseme mpaka wakaishiwa. Kisha akasema, kwa sauti ile ya mtu anayepima kitambaa:

"Mimi sitaki mtu afungwe. Fidia siitaki, nitainunulia nini? Nataka matuta. Moja hapa mbele, na jingine kule kwenye shule. Matuta tu, ili wapunguze mwendo. Ninaye mwingine anayevuka."

Hakuna aliyekuwa na la kupinga. Matuta ni rundo la lami tu, kitu ambacho hata tajiri mmoja huko mtaa wa juu aliwekewa mbele ya geti lake kwa sababu mbwa wake alikuwa mzee.

"Tuandamane," Mwalimu akasema. "Kwa amani. Tutembee toka sokoni hadi hapa, tukae barabarani, tuseme tunachotaka."

"Siku hiyo duka nalifunga, nawaapia!" mwenye duka akasema akijipiga kifua. "Nafunga kufuli kubwa!"

"Bango la mbele ni langu," kinyozi akadakia. "Asinigombanie mtu."

Msusi naye alisema atakuwepo. Alisema bila kufikiri, kama unavyosema "karibu" mtu anapopita mlangoni.

Gia alipopata habari hizo hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kingo ya kitanda, akivua soksi polepole.

"Mtu wangu akikaa barabarani," alisema, "na mimi niko nyuma ya usukani, nifanye nini? Nikizima gari, bosi ananiona. Nikipiga honi, nakupigia wewe."

"Si lazima upite siku hiyo."

"Nani alikudanganya kwamba mimi ndiye ninayechagua?"

Mama yake Msusi, alipoulizwa, alicheka mpaka akashika ubavu. "Mimi kutoka hapa hadi chooni ni maandamano tosha. Lakini wewe nenda. Yule mwanamke usimwache peke yake. Jirani ukimwacha peke yake siku moja tu, hata ukimrudia, hapaswi kukuamini."

*

Siku ilipofika, mtaa uliamka mapema na ukakaa ndani.

Msusi aliona yote kutoka mlangoni. Mwenye duka hakufunga kufuli kubwa wala dogo. Aliteremsha mlango nusu, akabaki amejikunja chini yake, anachungulia kama kuku. Kinyozi alikuwa na mteja. Kwa kawaida kichwa kimoja humchukua muda wa kunywa chai, lakini cha siku hiyo alikinyoa, akakirudia, akakitafutia nywele zisizokuwepo, mpaka mteja mwenyewe akamwuliza kama kuna tatizo. Kwenye ghorofa ya pekee ya mtaa, mapazia yalikuwa yanatikisika bila upepo. Wanawake waliokuwa wamejaza mlango wa saluni walisimama kila mmoja kwenye kibaraza chake, wamekunja mikono, wakisubiri kuona nani ametoka ili nao watoke.

Kisha wimbo ukasikika kutoka sokoni, mwembamba, kama wimbo wa watu wanaosindikiza mgonjwa. Walipotokeza kwenye kona, hawakuwa hata wa kujaza basi. Mwalimu alikuwa mbele, suti yake ya kustaafia ikimpwaya, ameshika bango ambalo kinyozi alisema asigombaniwe. Nyuma yake walikuwa walimu wa shule na wazazi wachache. Na katikati, akitembea kama anaenda kisimani, alikuwa Mama Pacha, mikono mitupu.

"Jamani," akasema mteja wa Msusi, aliyekuwa amekaa kitini anasukwa twende kilioni, ile mistari ya moja kwa moja kwenda nyuma. "Ndio hao tu?"

Vidole vya Msusi vilikuwa vimesimama.

"Dada, umeacha kusuka."

"Najua."

"Kama unataka kwenda, nenda. Ila usiniache kichwa nusu, watu watanicheka."

Msusi alitazama ng'ambo. Mama yake alikuwa ametoka nje, amekaa kwenye kigoda, na alikuwa anamwangalia yeye, si waandamanaji. Hakupunga mkono. Alimwangalia tu.

Msusi akachomeka kitana kwenye nywele zake mwenyewe, akatoka. Alikuwa ameshafika kwenye lami aliposikia kandambili zikimfuata mbio. Alikuwa mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama moto wa kuni.

"Wacheke," mteja akasema. "Nilishalipia kukaa na wewe."

Mama Pacha alipowaona hakusema asante. Alisogea kidogo, wakapata nafasi ubavuni kwake. Wakakaa wote barabarani, pale pale ambapo kiatu kilimvuka mtoto.

Malori yakaanza kupanga foleni. Honi ya kwanza ililia, ikapokewa na ya pili, zikaungana mpaka mabati ya saluni yakawa yanatetemeka. Msusi aliinua macho, na katika ule msururu, si mbali, akaliona lori la bluu lenye kioo cha pembeni kilichofungwa kwa gundi ya karatasi. Aliijua ile gundi. Yeye ndiye aliyeikata kwa meno. Nyuma ya kioo cha mbele alikuwa Gia, mikono yote miwili juu ya usukani. Walitazamana. Hakuna aliyekwepesha macho, na hakuna aliyetabasamu. Halafu Msusi aliona moshi wa lori lile umekatika. Alikuwa amezima injini.

Polisi walikuja, na watu wakajiweka tayari kwa lolote. Lakini siku ile hapakuwa na virungu. Ilikuja gari nyeupe, akashuka bwana mmoja aliyevaa kofia ngumu ambayo haikuwahi kuona vumbi, akapewa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumewasikia. Serikali yenu ina masikio. Usalama wenu ndio kilio chetu. Kabla ya mvua kuanza, kazi itakuwa imefanyika mahali hapa. Nawapeni neno langu."

"Matuta?" Mama Pacha akauliza kutoka chini alipokaa.

Bwana yule aliinama, akamshika bega kwa mkono laini. "Mama, hakuna atakayepoteza mtoto tena hapa. Umenielewa?"

Ndipo vibaraza vyote vikamwagika barabarani. Mwenye duka alifungua mlango wake mzima na kugawa maji kwa kila mtu. Kinyozi alikuja mbio na mashine mkononi, akaomba kushika bango wakati wa kupigwa picha. Wale wa ghorofani walishuka. Vigelegele vilikuwa vile vile vya siku ya uzinduzi. Jioni hiyo, ukipita mtaani, usingempata mtu mmoja ambaye hakuandamana.

Gia alirudi amechoka, akala. Mkewe alipokuwa anatoa vyombo, akasema, "Wenzangu waliniuliza kwa nini sipigi honi."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema imeharibika."

Msusi alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kwa muda huo mfupi, akiwa na sahani mikononi, aliamini kwamba mambo hutengenezeka.

*

Na kweli, mafundi walikuja kabla ya mvua. Neno la yule bwana lilikuwa neno.

Walikuja na mashine za kuchanganyia zege na vipande vikubwa vya mawe ya kufyatuliwa, wakavipanga katikati ya barabara, kimoja baada ya kingine, kuanzia kule sokoni. Watu walitoka kuwatazama kwa furaha. Mwalimu aliwaeleza kwamba hizo ndizo malighafi, kwamba matuta ya kisasa hujengwa kwa msingi. Mwenye duka aliwapelekea mafundi maji baridi. Siku zilipita, na vile vipande havikuondoka katikati. Viliunganishwa kwa zege, vikawa ukuta unaomfikia mtu kifuani, na juu ya ukuta wakasimamisha vyuma, na kwenye vyuma wakafunga wavu.

Mama Pacha ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliacha cherehani, akaenda kusimama mgongoni kwa msimamizi wa mafundi.

"Baba, matuta yako wapi?"

"Matuta gani?"

"Tuliomba matuta."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alivua glavu zake ili aongee naye vizuri. "Mama, mlilalamika kwamba watu wanagongwa wakivuka. Sasa hakuna atakayevuka. Asiyevuka hagongwi. Hesabu nyepesi hiyo."

"Na shule?"

"Kivuko kiko kule kwenye makutano ya kiwanda."

Makutano ya kiwanda yalikuwa mbali. Mtu mzima mwenye miguu mizima alifika huko jasho likimtoka, na bado alikuwa na njia nzima ya kurudi upande wa pili. Mwalimu alivaa tena suti yake akaenda ofisini kwa bwana wa kofia ngumu. Alirudi mabega yamemshuka. Alikuwa ameambiwa kwamba walichoomba ni usalama, na usalama wamepewa, tena kwa gharama kubwa, na kwamba wapo watu wa mitaa mingine wanaoulilia ukuta kama huo hawaupati.

"Tuandamane tena," alisema akiwa amesimama mlangoni kwa Msusi.

Kinyozi, aliyekuwa anapita, alijifanya hajasikia. Mwenye duka alisikia. "Tuandamane tena?" alisema. "Mara ya kwanza tumepata ukuta. Safari hii watatuletea nini, paa?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kwa adabu, na hakulitaja tena.

Mtaa ukaanza kukauka. Nusu ya wateja wa Msusi walikuwa wa ng'ambo, na hakuna mwanamke atakayezunguka hadi kiwandani kwa ajili ya nywele. Mwenye duka alipoteza wateja wake vilevile, na kinyozi pia. Watoto waliokuwa wadogo waliacha shule, mmoja mmoja, bila mtu kutangaza. Vijana walikata wavu mahali pamoja, wakawa wanapenya, na watu wa barabara walikuja kuushona, na vijana wakaukata tena. Na malori, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumwogopa, yaliongeza mwendo.

"Bosi ametuongezea safari," Gia alisema siku moja. "Anasema njia ni nyeupe." Alikuwa anatazama viganja vyake. "Nilidhani mkipata matuta nitalalamika springi za lori zinakatika. Ningelalamika springi maisha yangu yote, ningefurahi."

Lawama zilitafuta mtu wa kumkalia, na hazikuhangaika sana. Mwanzoni yalikuwa maneno ya pembeni. Baadaye yakaja hadi saluni, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaongelea bei ya sukari.

"Si yeye na matuta yake," alisema mwanamke mmoja, miguu ameinyoosha, anasubiri zamu. "Tulikuwa tunaishi vizuri. Tulikuwa tunavuka."

"Msiba ni wake, tulimlilia," mwingine akasema. "Lakini msiba wa mtu mmoja hauwi msiba wa mtaa."

Msusi alimkazia mteja wake mstari mpaka akapiga kelele. "Polepole, dada!"

"Mabati haya ni mepesi," Msusi akasema. "Anawasikia."

Wakanyamaza. Ng'ambo ya mabati, cherehani ilikuwa imesimama. Walisubiri iendelee. Haikuendelea mpaka wote walipoondoka.

*

Msusi na mama yake, kwa muda, walisalimiana kwa mbali. Bakuli la chakula lilipelekwa asubuhi, kwa safari ndefu ya kuzunguka, na mchana kila mmoja alisimama upande wake, wakapungiana kupitia wavu huku malori yakiwakatiza. Mama alikuwa anafumbua mdomo kusema kitu, na kwa jinsi alivyomjua, Msusi alijua ni lawama. Lakini hakuzisikia. Hakuwahi kudhani angezikosa lawama zile.

Kisha simu ikaja. Alikuwa jirani wa ng'ambo, pumzi juu juu. "Mama yako ameanguka bafuni. Njoo, njoo sasa hivi!"

Msusi alitupa kitana, akatoka. Alitazama kulia, kule mbali ambako makutano ya kiwanda yalikuwa, akatazama mbele, kwenye paa la mama yake, pale, karibu kiasi kwamba angeweza kulirushia jiwe. Akakimbilia kwenye tundu la wavu.

Nusu ya kwanza aliivuka salama. Kwenye ukuta sketi ilinasa, akaivuta, mkono ukachanika kwenye waya. Alipopenya upande wa pili alijikuta amesimama kwenye kingo nyembamba ya zege, mgongo umeshikana na wavu, na lori likapita mbele yake karibu kiasi kwamba upepo wake ulimvuta kama mkono. Likaja jingine. Na jingine. Hapakuwa na upenyo. Alisimama pale akiwa anaona mlango wa mama yake, hawezi kwenda wala kurudi, na alijikuta anasema kwa sauti, "Jamani, jamani, jamani," kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Mpaka dereva mmoja, Mungu anamjua, akapunguza mwendo. Msusi akarusha miguu.

Mama alikuwa ameshalazwa kitandani na majirani. Nyonga ilikuwa imevimba, lakini macho yalikuwa makali vilevile. Aliuona mkono unaovuja damu.

"Umepitia wapi?"

"Nimezunguka, mama."

"Usinidanganye. Nimeanguka sasa hivi, hata maji sijakauka."

Mama akamshika mkono, akaugeuza, akautazama ule mchaniko kwa muda mrefu. Mara hii hapakuwa na utani usoni mwake.

"Ukigongwa wewe," alisema taratibu, "nani ataandamana?"

Alipopata nafuu ya kukaa, alitoa uamuzi, na hakuna aliyewahi kubishana na uamuzi wa mama huyo akashinda. Angehamia kwa mwanawe wa kiume, kaka yake Msusi, huko mbali mashambani. Msusi alilia, akasema atahamia yeye ng'ambo, na Gia naye akasema watafanya mpango.

"Mpango gani? Mume wako analala upande ule, kazi yako iko upande ule. Nikibaki hapa, kila nikikohoa utaruka ukuta. Nimekuzaa kwa shida, sitaki kukumaliza kwa kikohozi." Kisha, ili kuwasaidia, akaongeza, "Na kwa kaka yako hakuna barabara kabisa. Hata punda wanaulizana njia."

Alipakiwa kwenye gari dogo la mizigo pamoja na godoro, sufuria na kigoda chake. Msusi alizunguka kwa miguu kwenda kumuaga, na aliporudi ilimbidi azunguke tena. Chumba kile kilipata mpangaji mwingine, kijana anayelala mchana. Hakuna aliyepunga mkono kutoka pale tena.

Saluni aliifunga muda si mrefu baadaye. Kiti na kioo alivihamishia nyumbani, akawa anasuka uani, kichwa kimoja kimoja, akipata mteja. Mwenye duka aliuza rafu zake. Kinyozi aliondoka bila kuaga.

Asubuhi moja Msusi alikuwa anaelekea makutano kununua nyuzi ng'ambo, akawakuta njiani Mama Pacha na binti yake aliyebaki, wanaenda shule. Watu bado walimwita Mama Pacha. Hakuna aliyejua jina jingine la kumpa. Walitembea pamoja kando ya ukuta, vumbi la malori likiwapanda mpaka kope.

"Tukakae tena barabarani," Msusi akasema. Hakujua kama alimaanisha. Alitaka tu aseme kitu kizuri.

"Na nani?"

Msusi alifikiri. Mwalimu alikuwa mgonjwa, hatoki kitandani. Mteja wa kichwa nusu alihama. "Mimi na wewe."

Mama Pacha alimpangusa mtoto vumbi usoni. "Na tukaombe nini?" akasema. "Tukiomba wauvunje, watasema tunataka watoto wafe. Tukiomba daraja, sijui watatupa nini tukifikiri ni daraja. Mimi naogopa kuomba, shoga yangu. Wa kwanza barabara ilimchukua nikiwa sijasema kitu. Huyu sitaki nimpoteze kwa kusema."

Msusi alimshika mtoto mkono wa pili.

Kwenye makutano taa hazikuwa zinawaka. Zilizimika tangu mvua ya kwanza, na malori hayakusimama hata hapo. Palikuwa na kundi la watu kwenye kingo, wamekunja nguo, wanasubiri upenyo. Mtoto alifumba macho. Ndivyo alivyokuwa akivuka siku zote, mama yake alieleza, hataki kuona. Upenyo mdogo ukatokea, mtu mmoja akapiga kelele, "Haya!", na wote wakakimbia.